Gati Lisilokuwa Kwenye Mchoro

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza umeiitikia huku unapapasa kutafuta miwani. Haya, itafute, mimi nasubiri. Tafadhali usimpe wifi akusomee. Wifi namheshimu sana, lakini akisoma barua anaruka mistari, na hii sitaki iruke hata mmoja. Kaa mahali penye mwanga, uegemee vizuri, umwambie Kaka azime redio.

U hali gani, Baba? Kikohozi cha asubuhi kimekuachia? Mguu je? Siulizi ili unijibu kama unavyonijibu kwenye simu, kwamba wewe ni mzima kama chuma cha reli. Nauliza kweli. Mimi huku sijambo. Kula nakula, kulala nalala, na nguo ninazo, kwa hiyo hayo matatu unayoyaulizaga siku zote tumeyamaliza.

Utajiuliza huyu ameanza lini kuandika barua wakati kila Jumapili tunaongea. Kwenye simu hatufiki mbali, Baba. Nikianza jambo lenye uzito unaniambia nitamaliza salio. Nikinyamaza kidogo nitafute maneno, unadhani mtandao umekatika, unaanza haloo, haloo, mpaka nilichotaka kusema kinanitoka kichwani. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, utake usitake.

Chumba changu ni kilekile, ghorofani, juu ya yule mchonga funguo. Mashine yake ikianza kupiga kelele asubuhi ndipo naamka. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, na kwenye ukuta huo kuna mfereji wa bati unaoshusha maji ya mvua. Mvua ikinyesha navuta kiti, nakaa pale, sifanyi kitu. Nimekukumbuka, Baba. Nalisema hivihivi kwa sababu sijui namna ya kulizungusha. Nimekukumbuka kiasi kwamba nikiona mzee wa watu barabarani amevaa kofia ya rangi kama yako, namfuata hatua mbili tatu, kisha naona aibu, narudi.

Sasa nije kwenye kazi, maana yaliyonipata yametokea kazini. Kaka aliniambia kwamba watu wakikuuliza mwanao anafanya nini huko, unawajibu kwamba anacheza na maji na wajinga wanamlipa. Hujakosea sana. Lakini acha nikueleze vizuri mara hii.

Mahali ambapo mto umezuiwa na bwawa, upande mmoja maji yako juu na upande wa pili yako chini, na meli haipandi ngazi. Kwa hiyo pembeni hujengwa chumba kikubwa cha zege chenye malango mbele na nyuma. Meli inaingia, malango yanafungwa, maji yanaachiwa kupitia mifereji iliyofichwa chini ya sakafu, chumba kinajaa, na meli inainuka na maji mpaka inalingana na maji ya juu. Lango la mbele linafunguliwa, inaendelea na safari yake. Ikitaka kushuka, chumba kinamwagwa. Kusema ni rahisi. Ukijaza kwa pupa, maji yanaisukuma meli huku na huku, kamba zinakatika, na wewe uliyevusha watu maisha yako yote unajua kamba ikikatika inamfanya nini aliye karibu. Ukijaza kwa kusinzia, meli zinapanga foleni mpaka wenye mizigo wanatukana. Na zege likishakauka huwezi kusema samahani, nilikosea. Ndiyo maana sisi tunakijenga kwanza kwa udogo, mara ishirini na tano chini ya ukubwa wake, kuta zake za plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, pamoja na kipande cha mto juu na chini yake. Kisha tunajaza na kumwaga, tunajaza na kumwaga, mpaka tunakinai.

Kuna jambo moja la ajabu ambalo hata mimi lilinichukua muda kulizoea. Kwenye modeli, ndivyo tunavyouita mfano huo mdogo, muda nao unapungua. Maji madogo yana haraka. Linalochukua dakika tano kule mtoni, hapa kwetu limekwisha kwa dakika moja. Tunapiga picha za video kisha tunazitazama polepole ili tuone mambo yatakavyokuwa kweli. Nimekaa na saa hiyo ya haraka mpaka nadhani imeniingia mwilini, maana siku niliyoondoka nyumbani naiona kama juzi.

Mkuu wetu ni mhandisi, mama wa makamo, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Bi Tena. Jaribio likiisha, hata liwe zuri namna gani, anatazama namba, anajikuna shingo, anasema tena. Msumari anadai kwamba hata siku ya harusi yake, alipoulizwa kama amekubali kuolewa, alisema bwana harusi aulizwe tena. Msumari ni seremala wetu, na jina hilo hakulipata kwa useremala, amelipata kwa ulimi. Mimi kazi yangu ni kingo za mto. Napewa michoro ya wapimaji, nakata mbao nyembamba kufuata umbo la ardhi, nazipanga, najaza mchanga katikati, napiga lipu ya saruji juu. Nikimaliza, mto upo.

Michoro ya modeli hii ilipokuja, niliona jina la mto pembeni. Nikasema loo, mto wetu huo. Lakini mto ni mrefu, unapita kwa watu wengi, sikujali sana. Nikawa nakata mbao, moja baada ya nyingine, nazilaza sakafuni kwa mpangilio, mpaka mkono ukasimama wenyewe. Ile kona. Ile kona inayojikunja kama kiwiko, na upande wa pili lile jabali ambalo tukilikaribia ulikuwa unaniambia Kopo, acha kukumba maji, shika ukingo wa mashua, usijifanye shujaa. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi la mbao. Msumari akaja mbio akiuliza kama nimejikata kidole. Nikamwambia hapana, nimefika nyumbani. Akasema vizuri, basi kama umefika nyumbani nichemshie chai.

Lakini mchoro ulikuwa na kasoro, au ndivyo nilivyoona. Pale chini ya nyumba yetu, penye gati lako, ukingo ulikuwa umechorwa mstari mmoja laini kama hapajawahi kuwa na kitu. Nilipandwa na hasira, Baba. Nikasema hawa wapimaji wamepita na boti yao wakipiga soga, hawakuangalia. Gati ulilolijenga kwa mikono yako, jiwe juu ya jiwe, mimi nikikuletea vijiwe vya kuzibia nyufa, mtu analiruka hivihivi! Kwetu kuna sheria, nayo ni moja tu ya maana: kisicho kwenye mchoro hakiingii kwenye modeli. Ukiona kasoro, uliza. Sikuuliza. Nilitoka nje nikaokota kokoto, nikazivunja kwa nyundo ndogo, nikalijenga gati lako, refu kama kiganja changu. Hata ile pembe iliyomeguka siku ulipoligonga kwa mashua, kwa kuwa ulikuwa unanitazama mimi badala ya kutazama mbele, niliimega vilevile. Msumari aliliona akadhani limo kwenye karatasi. Tangu hapo, kila asubuhi kabla pampu hazijawashwa, nilikuwa napita na kuliwekea kidole. Nilikuwa nalisalimia tu.

Majaribio yakaanza. Kujaza kulikwenda vizuri, hata Bi Tena alisema tena kwa sauti ya upole. Shida ilikuwa kumwaga. Maji ya chumbani yanatokea kwenye matundu upande wa chini, na karibu na hapo kuna meli nyingine ya mfano, tumeipakia vipande vya madini ya risasi iwe na uzito unaostahili, imefungwa ukingoni inasubiri zamu yake. Kamba zake zimeshikizwa kwenye vipimo vinavyosema zinavutwa kwa nguvu kiasi gani. Kila tulipomwaga, ile meli ilitulia kidogo, kisha ikavutwa ubavu, kamba zikakaza mpaka namba zikapita mahali zisipotakiwa kupita. Bi Tena akasema tena. Tukafungua vali polepole zaidi, ikavutwa. Tena. Tukaisogeza meli nyuma, ikavutwa. Watu wakaanza kununiana. Msumari akasema meli ina mashetani. Mwishowe Bi Tena akaamuru tutie rangi kwenye maji, tuone yanakwenda wapi. Ile rangi nyekundu ikatoka tunduni, ikanyooka, ikaligonga gati lako, ikageuka, ikazunguka na kuirudia ile meli maskini ubavuni. Ukumbi mzima wa majaribio uliona.

Bi Tena aliinama, akaweka kidole palepale ninapowekaga mimi, akauliza hiki ni nini na kimo kwenye karatasi gani. Sikuona haja ya kujificha. Nilimwambia ni gati la baba yangu. Nikamwambia mchoro ndio uliokosea, maana baba yangu hukaa juu ya gati hilo kila Jumapili akiongea nami, miguu inaning'inia, nami nasikia kwa masikio yangu maji yakigonga mawe. Nikasema kama halipo, nikatwe kichwa. Nilisema hivyo mbele ya watu wote, Baba, kifua mbele.

Alinikaripia mpaka masikio yakapata moto, na alikuwa na haki. Nilidhani kibarua kimeota nyasi. Lakini alipomaliza kunikaripia alisema kwamba kama gati lipo kweli, matundu ya kutolea maji yatahamishwa, maana hataruhusu mabaharia wa watu waumie kwa sababu ya mchoro. Na kama halipo, hili la kwenye modeli litavunjwa. Ila yeye haamui kwa karatasi wala kwa mapenzi ya mtu kwa baba yake. Akawapigia wapimaji waende wakaone kwa macho na walete picha. Kazi ikasimama.

Unajua nilivyofurahi? Si kwa kuwa nitashinda. Nilifurahi kwa kuwa picha zitakuja, nitapaona. Jumapili ile sikukuambia kitu, nilitaka wapimaji wakukute tu. Nilikuuliza uko wapi, ukasema niko wapi tena, si hapahapa gatini, na maji leo yametulia. Nikayasikia. Nikafumba macho, nikaiacha simu sikioni hata baada ya wewe kuaga.

Picha zilipofika, Bi Tena hakuzionyesha mbele ya watu. Aliniita ofisini kwake, akanivutia kiti, akakigeuza kioo cha kompyuta upande wangu, kisha akatoka na kuufunga mlango taratibu. Kwa jinsi alivyoufunga nikajua.

Hakuna gati, Baba. Kuna ukingo mtupu wa matope na majani, na mawe matatu manne yamezama nusu. Mchoro ulikuwa sawa. Katikati ya picha kuna mzee ameshikishwa ile fimbo ndefu ya wapimaji, yenye mistari myekundu na myeupe, ili anayetazama ajue ukubwa wa mahali. Sisi tuliozoea picha hizi hatumtazami mshika fimbo usoni. Tunatazama kichwa chake kimeishia mstari gani, basi. Nami nikafanya hivyohivyo. Nikasema moyoni, mzee mfupi huyu. Ndipo nikaiona kofia.

Wewe uliyekuwa unainama kuingia jikoni! Nimekupima, Baba, nikakupima tena kana kwamba mimi ni Bi Tena mwenyewe, na kipimo hakikubadilika. Mlango ule sasa unaupita bila kuinama. Na ile fimbo hukuishika, umeiegemea. Mguu wa kushoto haujakanyaga chini sawasawa. Lakini umetabasamu, kwa sababu mtu amekwambia utabasamu, nawe hujawahi kumnyima mtu kitu.

Nilimpigia Kaka palepale. Alijaribu kuzunguka mbuyu kama kawaida yake, nikambana mpaka akatapika yote. Kumbe gati lilikwenda na mvua za ule mwaka nilioajiriwa, zile ulizoniambia maji yalipanda kidogo yakashuka. Kumbe mashua nayo ilikwenda. Kumbe uliingia majini kushika kamba, mawe yakaporomoka, yakakuvunja mguu, na walikutoa wanaume wanne. Ulipozinduka neno lako la kwanza lilikuwa kwamba atakayemwambia Kopo asijuane nawe tena, kwa maana Kopo ataacha kazi arudi kukumba maji. Na Kaka akaniambia jingine, Baba. Akaniambia kila Jumapili unajikokota mpaka uani, unakaa juu ya ndoo iliyofunikwa kando ya lile pipa, unafungua bomba kidogo lichuruzike ndani ya pipa, ndipo unanipigia. Wifi analalamika uwanja unakuwa tope, nawe unamwambia avumilie, mtoto anapenda kusikia mto.

Bomba! Mimi ninayelipwa kwa kusikiliza maji! Mimi ninayeweza kusimama nje ya ukumbi nikakwambia vali ipi imefunguliwa vibaya, nimedanganywa miaka yote hii na bomba na pipa. Nilicheka, Baba. Nilikaa kwenye kiti cha watu, ofisini kwa watu, nikicheka huku machozi yananitiririka mpaka shingoni. Msumari asijue, tafadhali, atanisema mpaka nizeeke.

Kisha nilikukasirikia, sitaficha. Nilikukasirikia siku mbili nzima. Lakini hasira hazina mahali pa kukaa kwako, zinateleza. Nilipotulia nikaelewa ulichonifanyia. Ulinisimamishia gati ili nisiwe na haraka. Nami kweli sikuwa na haraka. Kila modeli ilipokwisha nikasema nitaenda baada ya hii inayofuata, kwetu kupo, Baba yupo gatini, mashua imefungwa, hakuna kinachokimbia. Kumbe mimi nikihesabu mwaka mmoja, kwako inapita mitano.

Bi Tena aliniambia nilitoe mwenyewe. Nililitoa kwa patasi, polepole, nikalipiga lipu lile shimo mpaka ukingo ukawa laini kama mchoro unavyosema. Tukamwaga. Meli ya kusubiri ilitikisika kidogo tu ikatulia, kamba zikalegea, namba zikawa nzuri kiasi kwamba watu walipiga makofi. Mimi nilikwenda stoo nikajifanya natafuta brashi. Gati lenyewe lilitoka zima. Liko hapa mezani ninapoandika, limezuia karatasi zisipeperuke, na ile pembe iliyomeguka inanitazama.

Ripoti ikikubaliwa modeli itavunjwa, na kwa desturi yetu aliyejenga ndiye anayevunja. Msumari amesema sehemu yangu ataivunja yeye, tena akasema bila utani, jambo lililonitisha. Nilimwendea Bi Tena nikamwomba ruhusa niende nyumbani, si kwa siku mbili tatu, mpaka nikuone umesimama vizuri. Alitazama karatasi yangu, akajikuna shingo. Nikasubiri aseme tena. Alisema nenda.

Kwa hiyo nakuja, Baba. Mwisho wa mwezi huu nipo hapo. Usiagize mtu afagie ukingo, usipige rangi mlango, usimwambie Kaka aokote mawe. Nataka nipakute palivyo. Nataka nikukute ulivyo, na mguu wako huohuo, ufupi wako huohuo, tukae uani kwenye tope la wifi, uniambie yale maji yalipanda mpaka wapi.

Nisalimie Kaka, mwambie nimemsamehe lakini bado hajui kudanganya. Nisalimie wifi, mwambie pole ya uwanja wake. Wabusu watoto wake wote, hata yule anayeng'ata.

Ila kabla sijafika kuna Jumapili moja katikati. Nitapiga mimi, saa ileile. Kaa ndani kwenye kiti kizuri, Baba, na bomba lifunge kabisa. Nataka nikusikie wewe.

Mwanao wa mwisho,
Kopo